Jezi 22 tulizorudisha

Julai ya Mbeya mnaijua wenyewe. Asubuhi baridi imeshuka kutoka Loleza, ukiongea unatoa moshi mdomoni, mimi nimesimama pembeni ya uwanja huku Ilomba na koti langu na kofia ya sufi, halafu namwona mtoto wa darasa la saba anavua jezi mbele za watu anabaki na singlendi. Refa alikuwa amemwambia hachezi na jezi aliyoivaa nje ndani, namba haionekani, aigeuze au atoke. Dogo akamwangalia refa, akaniangalia mimi, akavua. Akaikunja taratibu vile anavyokunja shati la shule, akaiweka kwenye benchi, akaenda kusimama karibu na bendera ya kona kajikumbatia. Hakusema neno hata moja. Yule dogo ndo beki wetu wa kulia, mechi tukapigwa goli 3 yeye akiwa nje, na usiku wala sikuwaza zile 3, nilikuwa nawaza ile jezi ilivyokunjwa.

Niwarudishe nyuma kidogo. Timu yetu ni ya mtaa tu, madogo wa chini ya miaka 15, kocha wetu ni bodaboda, mwenyekiti mwalimu mstaafu, mimi ndo katibu. Miaka yote madogo wanacheza na jezi za kuokoteza, watatu nyekundu, watano bluu, mwingine kavaa fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, yaani ukiwa mbali hujui nani anacheza na nani. Mwezi wa tano akaja jamaa mmoja mwenye duka la kubeti huku kwetu, akasema atatoa seti nzima ya jezi 22, mipira 2 na nauli ya kwenda bonanza Tukuyu, yeye sharti lake moja tu, jina la kampuni anayoifanyia uwakala likae kifuani. Nikasaini mimi. Siku ile ile, nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya gari lake. Sikuuliza mzazi, sikuuliza mchezaji, mwenyekiti mwenyewe nilimpigia simu nimeshasaini. Nilikuwa na furaha kweli, niliona tumepata ukombozi.

Basi Jumatatu baada ya ile mechi nikaenda soko la Soweto kumtafuta mama yake yule beki, anauza viazi pale. Nikamkuta anapanga viazi kwenye sado, kubwa juu ndogo chini kama kawaida ya soko. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu, kaa hapo kwenye gunia. Nikaanza kujieleza kuhusu jezi na nidhamu ya uwanjani, hakunisubiri nimalize.

"Katibu, mimi sina ugomvi na timu yenu, mwanangu anaupenda mpira na nyie mnamlea vizuri, ndaga, asanteni. Lakini hilo jina la kifuani mimi nalijua. Kaka yake nilimpa laki nne na themanini akaninunulie viazi Umalila, hela yote iliishia humo, mkeka wa kubeti juu ya mkeka, leo yuko Tunduma anabeba mizigo anaona aibu kurudi nyumbani. Sasa na huyu mdogo, kila Jumamosi jioni mimi ndo nikae pale bombani nimfulie hilo jina?"

Sikuwa na jibu. Nikanunua sado 2 nikaondoka.

Njiani kwenye bajaji ndo akili ikaanza kufanya kazi. Sheria ya nchi yetu hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, kwenye yale maduka imebandikwa ukutani kabisa. Kwa hiyo yule dogo wa miaka 13 akiingia pale na jero yake anafukuzwa, ila tangazo la duka hilo hilo anaruhusiwa kulibeba kifuani mechi nzima mbele ya wadogo zake. Na mimi ndo nimelisaini hilo. Uingereza, ambako tunachukua kila kitu cha mpira, jezi za watoto zinazouzwa madukani haziwekwi jina la kampuni ya kubeti, za wakubwa ndo zinawekwa, na hata za wakubwa klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana Aprili 2023 kuyatoa hayo majina kifuani ikiisha 2025/26. Nenda Mwanjelwa leo kaulize jezi ya mtoto wa chekechea uone ina nini kifuani.

Na ile ya kugeuza jezi nilikuwa nimeshaisikia mahali. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, Mwislamu, mshambuliaji wa Sevilla ya Hispania, klabu yake kifuani ilikuwa na 888.com ambayo ni kampuni ya kamari, yeye akaliziba lile jina kwa utepe akaingia uwanjani. 2013 ikawa Papiss Cissé wa Newcastle ya Uingereza, klabu ikasaini na Wonga, hawa walikuwa wanatoa mikopo ya siku chache kwa riba kali, ile ambayo sisi huku tunaiita kausha damu. Cissé akasema dini yangu inakataza riba siwezi kuvaa hii, vuta nikuvute wiki kadhaa, timu ikaenda kambini Ureno yeye hakwenda, mwisho akavaa. Miaka 5 mbele Wonga yenyewe ikaanguka, 2018, lakini wakati ule aliyeonekana mkorofi ni Cissé.

Halafu kuna yule dada wa netiboli Australia, Donnell Wallam, hii ndo huwa inaniuma zaidi. 2022 anaitwa timu ya taifa, ni mwenyeji wa asili wa kule, Waaborijini, na chama chao cha netiboli kimesaini dola milioni 15 za Australia na Hancock Prospecting, kampuni ya madini ya Gina Rinehart. Baba yake huyo mama, Lang Hancock, mwaka 1984 alisema kwenye televisheni kwamba baadhi ya Waaborijini wawekewe dawa kwenye maji wasizae. Wallam akaomba avae jezi isiyo na hilo jina, basi. Hakuomba mkataba uvunjwe. Nchi nzima ikamgeukia, magazeti, redio, kila mtu ana la kusema juu ya binti ambaye hajaichezea timu ya taifa hata mechi moja, chama nacho kina madeni kinatetemeka, mwisho kampuni yenyewe ikatoa hela zake ikaondoka. Siku chache baadaye akacheza mechi yake ya kwanza ya taifa dhidi ya Uingereza na akafunga goli la ushindi. Na zile milioni 15 zikaja kulipwa na Visit Victoria, watu wa utalii wa jimbo la Victoria.

Mmeona hapo? Kanouté, Cissé, Wallam, na yule beki wangu wa Ilomba. Wanaosaini ni wakubwa ofisini, au katibu kwenye boneti ya gari, halafu kazi ya kukataa anaachiwa mtu mmoja, tena mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote au mgeni kuliko wote, avue nguo mbele za watu. Kwangu mimi hapo ndo penye dhambi. Maana watu wakibishana kama vyama vya michezo viachane na wadhamini wenye doa wanabishana kana kwamba ni suala la hela na siasa tu, wakati mwenye kifua hajaulizwa. Mimi nasema ndiyo, waachane nao, na kama chama hakitaki kuachana nao basi kisimwadhibu mchezaji anayekataa kuvaa.

Sasa kuna wale wa "michezo na siasa visichanganywe". Jamani, aliyechanganya ni nani? Gazprom ni kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, mimi na wewe hatununui gesi yao, walikuwa wanatafuta nini kwenye Ligi ya Mabingwa ya Ulaya tangu 2012? Urusi ikachukua Crimea ya Ukraine 2014, UEFA, wakubwa wa mpira wa Ulaya, kimya, hela zinaingia, 2021 wakaongeza na mkataba. Ni mpaka Februari 2022 vifaru vilipoingia Ukraine ndo UEFA wakavunja mkataba ndani ya siku nne. Siku nne! Kumbe inawezekana. Schalke 04 ya Ujerumani nao walikuwa na Gazprom kifuani tangu 2007, wakati huo wako daraja la pili hali mbaya kifedha, wakafuta jina wakaandika la klabu yao tu, na msimu ule ule wakapanda daraja wakiwa mabingwa. Sisemi walipanda sababu ya hilo, nasema hawakufa.

Lakini Ukraine ni mbali, tuje huku kwetu. Visit Rwanda, tangazo la utalii la Rwanda, wameingia mkono wa jezi ya Arsenal 2018, wakadhamini PSG ya Ufaransa 2019 na Bayern ya Ujerumani 2023. Hapa Mbeya nusu ya bodaboda ni Arsenal, kwa hiyo hilo neno limepita barabara ya Mafiati kila siku kwa miaka. Sasa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo, Februari wakaingia Bukavu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema wanajeshi wa Rwanda wako pamoja na M23, Kigali wao wamekuwa wakikanusha kuwasaidia. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia hizo klabu tatu akiziomba ziachane na huo udhamini kwa sababu una damu. Na pale Goma walikuwepo vijana wetu, JWTZ, wako na jeshi la SADC, wawili hawakurudi wazima. Kongo siyo habari ya kwenye televisheni kwa mtu wa Mbeya, malori ya Lubumbashi yanapita hapa Uyole usiku na mchana, madereva wake tunakula nao mishikaki, wengine wameoa huku.

Nilikuwa na jezi ya Arsenal mimi. Wiki ile nikaitoa kabatini nikashindwa kuivaa, nikiangalia ule mkono naona Goma. Mashabiki wenzetu wa London wakaanzisha kampeni wakawa wanagawa vitambaa vya kufunga mkononi juu ya lile jina, tena yale yale ya Kanouté na utepe wake. Bayern wakabadilisha mkataba Agosti 2025 ukabaki wa kukuza vipaji tu, Arsenal wakatangaza Novemba kwamba wanamalizana Juni 2026 kwa makubaliano ya pande zote mbili, PSG wao waliongeza. Miezi kumi tangu ile barua. Mimi naona ni mingi sana, ila nimeona pia kwamba shabiki akikomaa anasikika.

Ushabiki wangu wa haya mambo unatoka kwa marehemu babu yangu wa Kilolo, hapo hapo jirani na Mgagao ambako wapigania uhuru wa Zimbabwe, ZANU, walikuwa na kambi yao. Yeye alikuwa anatusimulia ya 1976 kama ya jana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto, jina lile lile la soko letu. Afrika ikasema New Zealand asiende Olimpiki ya Montreal, wakubwa wa Olimpiki wakakataa kumtoa, basi nchi zaidi ya 20 zikakaa nyumbani na Tanzania ikiwa mstari wa mbele kabisa. Na sisi wakati ule tulikuwa na Filbert Bayi! Siyo mtu wa kwenda kujaza nafasi, ni mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, aliiweka Christchurch 1974, huko huko New Zealand, akimwacha nyuma John Walker kwao. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena Montreal. Hawakukutana. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39, Bayi akiwa hayupo.

Babu alikuwa anasema nchi ilifanya sawa na mimi namuunga mkono mpaka leo, makaburu wasingeanguka bila kubanwa kila kona. Ila nikikua nikaanza kujiuliza, Bayi alilipwa nini? Ile dhahabu hakuna aliyemrudishia. Nchi ilishika msimamo, miguu iliyolipa ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia "kususa kuna gharama" simbishii, najua kuna gharama, ninachouliza kila siku ni nani anailipa na kama aliulizwa.

Na gharama tusizifiche. Wenzetu Kenya waliziona. SportPesa, kampuni ya kubeti, leseni ikakwama 2019, wakafunga na udhamini wote, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki hawana kitu, mishahara ikawa shida, wachezaji wakaanza kuondoka. Na siyo mara ya kwanza, Januari 2018 walikuwa wameshakata udhamini baada ya kodi ya kubeti kupandishwa mpaka asilimia 35. Watu wanaitumia hii hadithi kusema msiwaguse wadhamini mtakufa njaa. Mimi naisoma kinyume chake. Mdhamini hesabu zake zikigoma anaondoka, haiti kikao, haulizi beki wa kulia atakula nini. Sasa kama yeye anaruhusiwa kuondoka kwa sababu ya faida, mimi kwa nini nisiruhusiwe kumwondoa kwa sababu ya mtoto? Na kuegemea mfuko mmoja ni hatari hata huo mfuko ungekuwa msafi. Klabu zetu kubwa nazo ziangalie hapo. Simba 2022 walisaini na M-Bet, nao wa kubeti, zaidi ya bilioni 26 kwa miaka 5, Yanga wako na SportPesa tangu 2017, sijidanganyi kwamba hela kama hizo unaziokota Kariakoo. Siwaambii wazitupe kesho asubuhi. Nawaambia waanze na jezi za watoto, hizo hata wiki hii inawezekana, na kwenye mkataba ujao waweke kipengele cha kutoka, na wawaulize wachezaji kabla ya kalamu.

Kwetu sisi kikao kilikuwa kigumu. Kocha aliongea kwa uchungu na alikuwa na haki, alisema "mwalimu, na wewe katibu, hawa watoto walikuwa wanachekwa na vifulana vyao, mimi ndo nawapakia wanne kwenye pikipiki kuwapeleka mechi, nyie mnaokataa leteni hela." Tukakaa kimya. Mwenyekiti akauliza, wangapi wanajua ndani ya hii timu mna mtoto ambaye kaka yake amepotezwa na huo mchezo? Mkono ukanyooka mmoja, wa pili, mwisho wazazi wanne. Wanne kwenye timu ya watoto 22. Mzee akasema basi warudishiwe jezi zao, zifuliwe kwanza, na nauli ya Tukuyu tusiitumie kabisa. Nilizipeleka mwenyewe kwenye gunia la salfeti, nikazihesabu mbele ya yule mwenye duka jezi 22 na mipira 2. Jamaa hakunigombeza, alisema tu angetamani tungemwambia mapema, na hapo alikuwa sahihi, lile lilikuwa kosa langu siyo lake.

Tukuyu hatukwenda. Madogo walilia, sitaki kusema hawakulia. Straika wetu namba 9 akahamia timu nyingine yenye mdhamini wa aina ile ile, baba yake aliniambia wazi kwamba viatu wamempa na hana hela ya kumnunulia vingine. Nikashindwa kumlaumu.

Tukachangishana kama msiba. Mama mmoja wa mchele akatoa elfu 20, fundi cherehani wa Kabwe akakubali kushona namba bure tukinunua kitambaa, mwenyekiti akatoa sehemu ya pensheni yake akakataa tuandike kiasi. Tukapata fulana za kijani tupu, kifuani hakuna kitu. Na kwenye daftari la timu tumeandika mstari mmoja, mdhamini yeyote asisainiwe mpaka kikao cha wazazi kikae, na mchezaji akikataa kuvaa jina asipoteze namba.

Jumamosi tumecheza na watoto wa Igawilo, sare ya 1, beki wa kulia dakika zote. Jumapili jioni nimepita kwao kupeleka ratiba, mama yake yuko bombani anafua, jezi ameshaianika kwenye kamba ya nje inaangalia barabarani kabisa. Akanipungia mkono wenye povu.

Ya namba 9 ninayo mimi nyumbani, imekunjwa juu ya kabati. Nimemwambia baba yake.